Ukoo wa Mzee Shomari: majibu ya Baba

Mwanaidi, 18:42
Shikamooni wakubwa. Tumerudi. Mashine ya kusafisha damu leo imemchosha Baba, kalala. Majibu yametoka, damu 7.8. Mwezi uliopita ilikuwa 8.1.

Baba Mdogo Hamisi, 18:44
Marahaba. Sasa zile sindano za kuongeza damu tunazochangia kila wiki zinakwenda wapi?

Shangazi Tatu, 18:45
Nilisema mimi. Mpeni juisi ya bitiruti na matembele, mtaona.

Mwanaidi, 18:47
Shangazi, hivyo vyote vina potasiamu nyingi. Figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi inasimamisha moyo. Na ile achari ya birimbi uliyoleta Jumapili nimeigawa kwa majirani, unisamehe.
Sindano si mbovu. Daktari anasema kuna kitu kinaizuia kufanya kazi. Wamempima CRP, kipimo cha damu. Mtu mzima wa afya huwa chini ya 5, Baba ana 48. Yaani mwilini mna uvimbe.

Baba Mdogo Hamisi, 18:48
Uvimbe tena? Miguu si imenywea? Au ni kansa mnatuficha?

Mwanaidi, 18:52
Hapana Baba Mdogo, hata mimi niliposikia hilo neno niliruka kwenye kiti. Si uvimbe wa kushika kwa mkono. Wenyewe wanaita inflamesheni. Ukichomwa mwiba kidole kinakuwa chekundu, kinafuka moto, si ndiyo? Ule ni mwili unapigana. Sasa kwa Baba huo moto umo mwili mzima, unafukuta kidogokidogo kama pumba, na nje huoni kitu.

Kaka Selemani (Mwanza), 18:53
Unaletwa na mashine?

Mwanaidi, 18:57
Mashine imo, damu inapita kwenye mipira na kichujio, mwili unaona kitu kigeni. Lakini kubwa ni uchafu unaobaki. Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana, Baba anasafishwa saa 4 tu mara 3 kwa wiki. Maji yakizidi nayo yanachochea. Ila daktari kasema 48 si ya kuzoea, lazima chanzo kitafutwe.

Kaka Selemani (Mwanza), 18:58
Na damu inaingiaje hapo?

Mwanaidi, 19:03
Hapo nilimwomba anieleze mara mbili. Chuma Baba anacho, feritini yake, kipimo cha chuma cha akiba, ni 900. Lakini moto ukiwaka, ini linatoa homoni inaitwa hepsidini, inafunga mlango wa ghala. Chuma kimejaa ndani, huku uboho unaotengeneza damu unalia njaa. Na uboho wenyewe unakuwa mzito kuisikia sindano. Hata tukiongeza dozi tunamwaga hela tu. Chuma cha dripu nacho kimesimamishwa mpaka ijulikane kama kuna maambukizi.

Shangazi Tatu, 19:04
Ndiyo maana anakonda hivi, suruali anaifunga kwa kamba.

Mwanaidi, 19:05
Ndiyo hivyo hivyo. Hamu ya chakula inakata, nyama inaliwa na moto, albumini, protini ya kwenye damu, imeshuka. Na mishipa ya moyo inaharibika. Wagonjwa wengi wa mashine wanaondoka kwa moyo.

Baba Mdogo Hamisi, 19:06
[Imesambazwa mara nyingi]
MANJANO + TANGAWIZI + MADAFU 3 KILA ASUBUHI. HUMALIZA INFLAMESHENI KABISA!!! TUMA KWA UWAPENDAO

Mwanaidi, 19:07
Madafu matatu! Baba Mdogo, tafadhali. Potasiamu tupu, na maji yanayozidi kiasi anachoruhusiwa siku nzima.

Kaka Selemani (Mwanza), 19:08
Mwanaidi, chanzo. Ni ile katheta, ule mpira wa mashine wa shingoni?

Mwanaidi, 19:11
Ndiyo walianza nayo. Pale inapoingilia pakavu, hapana usaha, na hajatetemeka akiwa kwenye mashine. Damu imepelekwa kuoteshwa ionekane kama ina vijidudu, tunasubiri siku kadhaa. Fistula ya mkono, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, bado changa, ikikomaa katheta itatolewa. Akaulizwa kikohozi, kidonda, jino bovu. Kajibu hana hata kimoja.

Mama, 19:12
Kasema hana jino bovu?

Mama, 19:14
Tangu Shaabani huyu anatafunia kushoto. Nyama anaisukuma upande mmoja kwa ulimi. Jana kachovya mkate kwenye chai mpaka ukakatika, akaufuata kwa kijiko.

Shangazi Tatu, 19:14
Hee!

Baba, 19:16
Nipo. Nasoma yote. Jino haliumi.

Baba, 19:19
Linauma usiku.

Mwanaidi, 19:19
Baba! Samahani, nilijua umelala.

Baba, 19:20
Hayo ya moyo nimeyaona. Sawa tu.

Shangazi Tatu, 19:21
Kaka yangu, kwa nini hukusema?

Baba, 19:23
Shingo wametoboa, mkono wamepasua. Nikaona mdomo niubakize.

Mwanaidi, 19:35
Nimempigia daktari. Kesho ndiyo siku nzuri ya kumwona wa meno, kwa sababu leo katoka kwenye mashine na ile dawa ya kuzuia damu isigande itakuwa imeisha mwilini. Kama ni la kung'oa, ling'olewe kesho, si Alhamisi siku ya mashine. Baba, usinywe diklofenaki ya dukani usiku huu. Akasema CRP itarudiwa baadaye, na hata jino likitoka katheta bado wanaiangalia.

Baba Mdogo Hamisi, 19:36
Saa mbili asubuhi nipo mlangoni na bajaji.

Baba, 19:38
Bajaji ya Hamisi sipandi. Anaendesha kama anakimbiza mwizi.

Mama, 19:38
Utapanda.