Makunyanzi usoni: yanaletwa na nini, na vya jikoni vinasaidia kweli?

Kibandani43
Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa kuhusu makunyanzi. Umri ni miaka 43, ngozi nyeusi, kazi ni ya kibanda cha bati kilicho wazi mbele, jua la jioni linanipiga usoni moja kwa moja. Mistari imeanza pembeni mwa macho na kwenye paji la uso, na shingo nayo inaanza kukunjamana. Kila ninayemuuliza ana dawa yake: ndimu na sukari, ute wa yai, asali, mafuta ya nazi, shubiri, manjano. Kipi kinafanya kazi, kipi kinaharibu, na kwa nini? Na hii losheni ya jua, sisi weusi tunaihitaji kweli au ni biashara tu? Mambo ya sindano sitaki.

Mfamasia_Tanga
Mkuu, anza na jua, mengine yanakuja nyuma yake. Ngozi inashikiliwa na nyuzi za kolajeni zinazoipa unene, na za elastini zinazoirudisha mahali pake ukishacheka au kukunja uso. Miale ya jua iitwayo UVA inapenya hadi kwenye tabaka hilo la ndani na kuzikatakata nyuzi hizo kidogo kidogo, miaka na miaka. Haiumi, ndiyo maana mtu hajui kinachoendelea. Inapita kwenye kioo cha gari na kwenye mawingu mepesi. Inayounguza ngozi hasa ni miale mingine ya jua, UVB.

Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inakinga, hilo ni kweli. Ngozi nyeusi imepimwa ikaonekana ina kinga ya asili inayokaribia SPF 13 (SPF ni namba ya kinga dhidi ya jua), nyeupe kama 3. Ndiyo maana makunyanzi kwetu huchelewa, na madoa meusi hutangulia. Lakini 13 haimtoshi mtu wa kukaa juani kutwa karibu na ikweta, ambako kipimo cha ukali wa miale ya jua (UV) mchana hupita 11, ngazi ya juu kabisa, siku nyingi za mwaka. Na sehemu za juu ni kali zaidi: kila ukipanda mita 1,000 miale inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Baridi ya Nairobi au Iringa isikudanganye.

Kwa hiyo losheni unaihitaji. Tafuta SPF 30 yenye alama ya UVA ndani ya duara. Kiasi ndipo wengi wanapokosea: chora mstari wa losheni kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kutoka shina hadi ncha. Hiyo ndiyo ya uso na shingo. Mtu anapaka robo yake halafu analalamika haifanyi kazi. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje, na kila ukijifuta jasho. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, SPF 50 kama asilimia 98, usiue pesa kwa SPF 100. Ikikuacha na weupe kama umepakwa unga, ni zinki au titani hiyo, madini meupe ya kukinga jua. Chukua isiyo nazo, au yenye rangi ya kahawia.

Ushahidi upo. Huko Nambour, Australia, watu wazima wapatao 900 walifuatiliwa miaka minne na nusu. Waliopaka kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wanapojisikia. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Wale ni weupe, basi asilimia yenyewe usiibebe kama ilivyo kwa ngozi yako, ila UVA ni ileile.

Tena kabla ya losheni kuna kivuli, cha bure. Ning'iniza turubai au neti nyeusi ya kivuli upande wa magharibi wa kibanda. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka kichwa chote. Baraghashia inakinga utosi tu. Kanga au mtandio uuinue kuelekea taa: ukiona mwanga mwingi unapenya, jua nalo litapenya.

Somo_wa_Urembo
Naongezea upande wa jikoni. Kwanza jua unachopambana nacho. Leo usiku nawa, acha uso na unyevu, paka mafuta, lala. Asubuhi tazama kwenye kioo. Vimistari vilivyopungua vilikuwa ukavu, na hivyo vya jikoni vinavimudu. Vilivyobaki vilevile hata uso ukiwa umetulia ndiyo makunyanzi yenyewe, na asali haiyafikii huko yaliko.

Ndimu achana nayo kabisa. Maji yake yana pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ndogo ndiyo kali) ya karibu 2, ngozi ya uso iko kwenye 5 hivi. Lililo baya zaidi, ndimu ina kemikali zinazoamshwa na jua: ukitoka nje zikiwa bado usoni, ngozi inaungua, malengelenge yanatoka baada ya siku moja au mbili, kisha linabaki doa jeusi la miezi. Sukari nayo chembe zake zina kingo kali, inakwaruza.

Ute wa yai unakauka na kuvuta ngozi kwa muda mfupi, ukinawa umekwisha. Na yai bichi karibu na mdomo na macho ni kujitafutia maradhi. Asali ni salama, kijiko kimoja cha chai, dakika 15, nawa kwa maji ya vuguvugu; inavuta maji kwenye ngozi, basi. Manjano yanapoza wekundu kidogo na kuacha rangi nyingi. Singo ya kusugulia na liwa ya msandali sizikatai, ila singo usoni iwe mara moja kwa wiki, kwa ncha za vidole, bila kukandamiza. Na liwa iliyochanganywa na marashi ya mawaridi uinawe ikiwa bado mbichi. Wengi wanaiacha mpaka inapasuka, hapo imeshaanza kuikausha ngozi.

Mafuta ya nazi hayaongezi maji, yanayafungia yaliyopo. Matone matatu au manne, ndani ya dakika 3 baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado mbichi. Mwenye chunusi ayaache, yanaziba vinyweleo. Vaselini kidogo sana ni afadhali. Na yasichukuliwe kuwa kinga ya jua.

Kinachofanya kazi kuliko vyote hivyo ni glisirini ya dukani, tena rahisi. Kijiko 1 kwa vijiko 9 vya maji yaliyochemshwa yakapoa, au marashi ya mawaridi. Paka, kisha funga juu kwa mafuta. Usiipake tupu mahali pakavu penye baridi: ikikosa maji hewani inayavuta ya ngozini mwako, unaamka umekauka kuliko jana. Mchanganyiko hauna dawa ya kuzuia kuoza, uweke kwenye friji, baada ya wiki mwaga.

Na uso usinawe kwa sabuni ya kufulia wala ya mche.

Nesi_wa_Ngozi
Hamjagusa mkorogo, ile krimu ya kujichubua, na ndio unaozeesha nyuso nyingi mijini. Ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho), klobetasoli au betamethasoni. Wiki za mwanzo ngozi inang'aa na kulainika, mtu anasifiwa. Baadaye inakonda, mishipa inaonekana, inachubuka kwa kuguswa tu, na inakunjamana. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi iliyomo humo pia, inapunguza ile melanini aliyoitaja Mfamasia, maana yake umevua kinga yako ukabaki unapigwa na jua lilelile. Zebaki, ikiwemo, inakwenda mpaka kwenye figo. Kopo lisilo na orodha ya viambato liache dukani, hata muuzaji aape.

Aliyetumia krimu ya steroidi kwa miezi asiache ghafla peke yake, uso unaweza kuwaka na kuvimba vibaya. Aende kwa daktari wa ngozi apunguziwe kwa utaratibu.

Mengine kwa ufupi. Sigara inabana mishipa midogo na kuvunja kolajeni, mistari ya juu ya mdomo mara nyingi ni yake. Wanawake hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi katika miaka mitano ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo anayeona mabadiliko ya haraka wakati huo asidhani amekosea mafuta. Na mwili hautengenezi kolajeni bila vitamini C: pera moja linatosha kwa siku, huhitaji vidonge.

Mzee_wa_Hoja
Mbona hakuna aliyetaja maji? Lita tatu kwa siku na mazoezi ya uso, ngozi inanyooka.

Mfamasia_Tanga
Mzee wangu, shikamoo. Aliyepungukiwa maji akinywa ngozi inarudi, kweli. Ila anayekunywa vya kutosha akiongeza lita mbili atazikojoa, haziendi kwenye mistari ya macho. Mazoezi ya uso yanaweza kunenepesha misuli ya mashavu kidogo kwa mtu anayefanya kila siku miezi kadhaa, lakini mistari ya paji na ya macho inatokana na kukunja palepale mara kwa mara, sasa kuikunja zaidi kutasaidia nini? Kwa Kibandani, miwani ya jua itafanya kazi kubwa zaidi, maana kufinya macho kutwa ndiko kunakochimba mistari hiyo ya pembeni.

Kibandani43
Nawashukuru sana. Turubai naweka wiki hii. Bado shubiri, ninao mmea nyumbani. Na nimesikia kuna krimu ya tretinoini, ikoje?

Somo_wa_Urembo
Hakikisha kwanza ni *Aloe vera* wenye maua ya njano. Mishubiri yetu mingi ya porini ina maua mekundu au ya machungwa, hiyo usipake. Kata jani nene la nje, lisimamishe kwenye glasi dakika 15 utomvu wa njano ushuke, ndio unaowasha. Osha, menya, chukua ule ute mweupe tu. Jaribu upande wa ndani wa mkono, subiri saa 24. Kukiwa shwari, paka tabaka jembamba, likikaribia kukauka weka mafuta juu. Ute uliobaki siku tatu kwenye friji, si zaidi. Unatuliza na kulainisha, makunyanzi haufuti.

Nesi_wa_Ngozi
Tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, si ya asili, lakini ndiyo yenye ushahidi mkubwa wa kupunguza makunyanzi yaliyokwisha kuwepo. Ni dawa ya cheti. Huanzwa na ya asilimia 0.025, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, dakika 20 baada ya kunawa ngozi ikiwa imekauka kabisa. Wiki za mwanzo usiku mbili tu kwa wiki. Matokeo ni baada ya miezi 3 hadi 6. Mjamzito au anayetafuta ujauzito haruhusiwi. Bila losheni ya jua mchana usiianze, na usiikimbize: ngozi nyeusi ikiwashwa sana inaacha madoa. Ukiona wekundu na maganda, pumzika mpaka itulie, kisha rudi usiku mmoja kwa wiki.