MREJESHO: Yale maumivu ya ubavu nikinywa maji mengi

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini ubavu wa kushoto unanikaba kila nikinywa maji mengi, na miaka yote natibiwa UTI na kichocho. Mlioniambia nikapige ultrasaundi ya figo, asanteni sana.

Figo ilikutwa imevimba kwa mkojo. Nikapewa rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza. Kumbe pale figo inapoungana na mrija wa kushusha mkojo pamebana, tangu tumboni mwa mama. Nina miaka 34! Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya vipimo: puto, halafu shingo nyembamba kama uzi. Maji yanaingia kwa kasi kuliko yanavyotoka.

Wamekata palipobana, wakaunga upya. Ndani wameacha kimpira cha kupitishia mkojo, kinatolewa baada ya wiki 6. Hicho kimpira jamani! Nikiinama kupima dagaa pale soko la Mwaloni nachomwa hadi kinenani, na chooni naenda kila nusu saa. Mama anajilaumu, nimemwambia aache.

Aliyewahi kutolewa kimpira anijuze: wanakupa ganzi au unavumilia hivyo hivyo?