Maonyesho ya sanaa na masoko ya wabunifu hapa Dar, mtu wa kawaida anaanzia wapi?

BintiWaKirumba
Habari zenu wadau. Nimehamia Dar kikazi kutoka Mwanza, nakaa Sinza, na wikendi zangu zinaishia kwenye kufua na kulala. Toka niko sekondari napenda sana picha za kuchora na vitu vya mikono, ila kule nyumbani sikuwahi kuingia kwenye maonyesho hata mara moja. Huku naona status za watu wako kwenye ukumbi mweupe, picha zimetundikwa ukutani, wameshika glasi wanaongea, sasa najiuliza wanaingiaje, wanaalikwa au unajiendea tu? Kuna kiingilio? Ukiingia halafu usinunue wanakuonaje? Na vile vikapu, vitambaa na hereni za wabunifu wa hapa hapa vinauzwa wapi maana nimechoka kupamba geto langu na maua ya plastiki ya Kariakoo. Bajeti yangu ni ndogo nisiwadanganye. Naombeni mnielekeze na mimi niwe natoka.

FundiBrashi
Karibu Dar dada. Mi ni mchoraji kwa hiyo nakujibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Anzia Nafasi Art Space, iko Mikocheni B kule kwenye eneo la viwanda, kutoka Sinza unafika Mwenge unachukua bajaji unamwambia Nafasi. Ilianzishwa 2008, ni eneo la godauni na studio nyingi ni makontena yale ya meli yamegeuzwa vyumba vya kufanyia kazi. Watu wengi wanakuja siku ya ufunguzi wa maonyesho usiku, kuna muziki na hotuba, ni raha ila picha huzioni vizuri maana watu wamesimama mbele yake. Ushauri wangu nenda siku ya kawaida mchana, ukumbi umetulia unaangalia unavyotaka, halafu zunguka kwenye studio, ukikuta mlango uko wazi piga hodi. Wachoraji tunashinda wenyewe na turubai, kile kitambaa cha kuchorea, siku nzima, mtu akiingia akauliza hapa ulikuwa unafikiria nini tunafurahi kweli, na hakuna anayekudai ununue. Mimi maonyesho ninayoenda pale huwa silipi kiingilio, ila zikiwepo shoo za muziki angalia tangazo lao kwanza.

Kuhusu kuvaa, vaa ulivyovaa. Nusu ya sisi tuna rangi kwenye suruali.

Kwingine kwa kwenda bila mwaliko ni Alliance Française pale Upanga na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, wanaweka maonyesho ya wasanii wa hapa mara kwa mara, fuata kurasa zao tu. Na Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, watu wanadhani ni mafuvu na magari ya viongozi peke yake kumbe ni Nyumba ya Utamaduni pia na huwa wanaweka maonyesho ya picha. Pale kuna kiingilio lakini Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, beba kitambulisho.

Mtaa_wa_Ohio
Nampongeza dada kwa kuuliza ila tusimfiche, sehemu kubwa ya galari, zile kumbi za kuonyesha na kuuza picha, hapa mjini ziko Masaki na Oysterbay, bei mpaka 2025 zilikuwa zinaandikwa kwa dola, maelezo ya picha kwa Kiingereza kitupu, na ukiingia umetoka kwenye daladala mlinzi anakuuliza unaenda kwa nani wakati aliyeshuka kwenye gari hakuulizwa. Hili linaniuma sana. Zamani tulikuwa na Nyumba ya Sanaa katikati ya mji, ilianza miaka ya 70, ukitoka kazini Posta unapita unaona watu wanachonga, wanachora, wanatengeneza batiki, humuombi mtu ruhusa. George Lilanga alianzia pale akiwa mlinzi, mtu wa Masasi, mchongaji wa Kimakonde, baadae akawa anachora yale mashetani yake yenye masikio makubwa na tumbo linang'aa, na 1978 kazi zake zilifika Washington. Sasa fikiria, mlinzi wa usiku ndio akawa mmoja wa wasanii wetu wanaojulikana zaidi duniani, kwa sababu milango ilikuwa wazi na alikuwa karibu na kazi kila siku. Nyumba yenyewe haipo tena pale na hakuna kitu cha aina ile kilichojengwa katikati ya mji kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo dada nenda, ila jua kwamba ukijisikia mgeni mle ndani sio wewe mwenye tatizo.

FundiBrashi
Mkuu nakubaliana na wewe kuhusu Kiingereza kwenye maelezo, tumelisema hilo mpaka midomo imechoka. Mimi kazi zangu naandika Kiswahili kwanza. Ila njia ya kubadilisha ni hawa kina dada waje wengi, mwenye ukumbi akiona watu kumi wanasoma karatasi ya Kiswahili hataiacha tena. Na bei za dola hazikuwa kila mahali, ukiongea na mchoraji mwenyewe studio unaongea shilingi. Nimeuza kazi kwa kulipwa nusu nusu kwa M-Pesa miezi mitatu na mwalimu wa shule ya msingi, mpaka leo picha iko sebuleni kwake. Kazi ndogo kwenye karatasi au chapa za mbao, yani picha zinazopigwa chapa kwa ubao uliochongwa, bei yake sio ya kutisha kabisa, omba uonyeshwe, mara nyingi ziko kwenye droo hazitundikwi.

MwanaTunduru
Naona hamjataja michoro ya Tingatinga jamani. Dada panda daladala za Masaki mwambie konda Morogoro Stores, pale Oysterbay ndio kwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alitoka kwetu Tunduru, alizaliwa 1932, akaja Dar kutafuta maisha kama wewe tu, na kwenye 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile wanayopakia baiskeli, kwa sababu ndio ilikuwepo na ndio bei aliyoiweza. Alikuwa anauzia hapo hapo nje ya Morogoro Stores. Akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania ni mhalifu, yani kazi yote hiyo ni ya miaka minne hivi, na ndugu na vijana aliowafundisha wakaendelea mpaka 1990 wakasajili ushirika wao. Ukienda leo unakuta watu wamekaa chini wanachora mbele yako.

Kitu cha kuangalia ni hiki. Picha nyingi utaona zinafanana, twiga watatu na mlima Kilimanjaro, wanachora hizo kwa sababu watalii wanazitaka na watu wana watoto wa kusomesha, siwalaumu. Lakini kaa kidogo, pekua yale mafungu ya nyuma, utakuta picha za hospitali, za mganga, za soko la samaki, mtu amechora kijiji kizima na kila mtu anafanya jambo lake. Hizo ndio zenye uhai. Uliza nani kachora, kama yupo akuitie, nunua mkononi kwake hata kama ni ndogo.

Ukili_na_Uzi
Mdogo wangu kwa upande wa masoko nikujibu mimi maana ndio kula yangu, nasuka vikapu na mikoba ya ukili. Wabunifu wadogo wengi hatuna duka, kodi ya fremu hatuiwezi, tunapanga meza. Meza hizo utazikuta kwenye siku za wazi za Nafasi, kwenye bazaa za shule na makanisa hasa Novemba na Desemba, na kwenye Swahili Fashion Week ambayo huwa Desemba. Sabasaba pia usidharau, watu wanaenda kwa ajili ya masufuria lakini zunguka mabanda ya wajasiriamali wa mikoani, pale unamkuta mama wa Singida na vikapu vyake mwenyewe bila dalali katikati.

Sasa nakuomba na wengine wote wasome. Mkoba mmoja wa ukili kabla haujafika mezani, miyaa, yani majani ya kusukia, inaletwa, inaanikwa, inachanwa, inachemshwa na rangi, inaanikwa tena, ndio usuke ukili mrefu, ndio ushone, halafu unaweka ngozi na bitana. Mtu anakuja ananiambia Kariakoo kuna wa elfu tano. Mimi sikasiriki mtu akiuliza bei, wala akiomba punguzo kidogo, ila ukipiga picha mkoba wangu ukampelekea fundi mwingine akutengenezee, hiyo inaumiza kuliko kutonunua. Omba kwanza ndio upige picha, na ukiposti taja aliyetengeneza. Hilo peke yake limeniletea wateja wengi kuliko tangazo lolote.

MwanaTunduru
Dada ukitaka kupamba geto nenda na Mwenge Vinyago, ni jirani na wewe kabisa. Pale bei inaongeleka sio kama galari, usione aibu. Kama unauziwa mpingo hakikisha ni mpingo, maana kuna mti mweupe unapakwa kiwi ya viatu unakuwa mweusi tii. Mpingo ni mzito sana, kile kinyago shika mkononi utajua, hata kwenye maji unazama. Angalia chini kwenye kitako, sugua na kitambaa chenye maji. Kile cha watu wamepandana wamebebana kinaitwa ujamaa, na wachongaji wazuri bado wapo, nenda nyuma ya vibanda kule wanakochonga sio mbele tu.

BintiWaKirumba
Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya hivi. Jumamosi hii natoka na rafiki yangu wa kazini, Mwenge asubuhi halafu Nafasi mchana, Morogoro Stores wikendi inayofuata. FundiBrashi swali moja la mwisho, nikipata picha ya turubai isiyo na fremu naibebaje kwenye daladala bila kuiharibu? Na fremu natengeneza wapi?

FundiBrashi
Izungushe rangi ikiwa upande wa nje, usiizungushe rangi kwa ndani maana ndio inajikunja na kupasuka. Weka karatasi laini juu yake halafu ingiza kwenye bomba la kadibodi, wenye maduka ya vitambaa wanayo yamebaki ukiomba wanakupa. Kama ni rangi ya mafuta muulize mchoraji imekauka lini, ikiwa bado mbichi muachie uje baadae. Fremu sio lazima uende galari, fundi seremala yeyote wa Sinza anakutengenezea ile ya mbao ya nyuma ya kuwambia, mwambie tu mbao iwe imekauka na asipige misumari kwa mbele. Ukifika studio za nyuma piga hodi umuulizie FundiBrashi, wataniita.