Anataka kufungua Nairobi kwa jina letu: asilimia ngapi inatosha?

Sakina_Kuku: Wakuu habari za jioni. Tuna biashara ya kuku wa kukaanga na chipsi Arusha. Kuna mtu Nairobi anataka kufungua kwa jina letu, viungo vyetu, rangi zetu. Mtaji wote ni wake. Swali ni moja tu: nichukue asilimia ya mauzo au kiasi maalumu kila mwezi? Tunauza kuku 200 kwa siku, fraya mbili za lita 6. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa, usingizi sipati.

Mzee wa Mizani: Asilimia ya mauzo. Usikubali asilimia ya faida, faida inafichika kwenye mishahara ya ndugu na mafuta ya gari. Andika 5%, ihesabiwe kila wiki kwenye risiti za eTIMS, mfumo wa risiti za kodi wa Kenya, na upewe nywila ya kuona mashine ya mauzo. Kenya inakata kodi ya zuio 20%, kabla pesa haijakufikia, kwenye mrabaha (hayo malipo ya kutumia jina) unaolipwa mtu wa nje ya nchi, kwa hiyo mkataba useme nani anaibeba. Ila chunguza na kodi ya pango. McDonald's walinawiri baada ya mtu wao wa fedha, Harry Sonneborn, kumwonyesha bosi wake Ray Kroc, mwaka 1956, kwamba kampuni ishike kiwanja na jengo halafu impangishe mwendeshaji. Akivuruga mapishi, anapoteza na chumba.

Waru_Nyandarua: Wacha nijibu ambacho hujauliza: viazi. Huku Kenya utauziwa aina ya Shangi. Inaiva haraka, lakini inachipua mapema, na ukiitia kwenye friji wanga unageuka sukari, chipsi zinakuwa za kahawia nje na ndani hazijaiva. Weka gizani penye hewa, nunua vya siku nne tano tu. Kaanga mara mbili: nyuzi 150 dakika 5, tandaza zipoe kabisa, kisha nyuzi 180 dakika 2 hadi 3. Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilitoka nje na meli zikachelewa, huku wakulima wetu wana magunia shambani. Watu waliwaka vibaya. Tafuta wakulima kabla hujatafuta chumba.

Dada_Nembo: Mleta uzi, jina lenu limesajiliwa na nani?

Sakina_Kuku: Limesajiliwa dada, BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, tuna cheti.

Dada_Nembo: BRELA inaishia Tanzania Bara, hata Zanzibar haivuki. Nauliza Kenya, KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara huko. Nani?

Sakina_Kuku: Sawa. Aliyepeleka maombi KIPI ni huyo huyo wa Nairobi, Februari, kwa jina la kampuni yake. Ni shemeji yangu, mume wa dada. Alisema anatulindia lisiibiwe. Na ameshatanguliza milioni 12, nimelipia vifaa vya duka jipya. Sioni ubaya, ni familia.

Dada_Nembo: Kwa karatasi, Nairobi wewe ndiye mgeni kwenye jina lako. Burger King walipoingia Australia mwaka 1971 walikuta jina lina mwenyewe, mgahawa wa Adelaide, na mpaka leo kule wanaitwa Hungry Jack's. Fanya kwa mpangilio huu: kwanza hati ya kukuhamishia alama ya biashara, kundi la 43 la huduma za chakula, na la 30 kama mtafungasha viungo. Ipelekwe KIPI. Baada ya hapo ndipo usaini mkataba wa kumruhusu aitumie. Ukianza na mkataba, utakuwa unamkodisha mtu kitu chake. Akikataa hati, angalia kama alama imetangazwa kwenye jarida lao: una siku 60 za kupinga.

Bibi_wa_Pwani: Mwanangu, hati ikitangulia salamu, shemeji atajua ameitwa mwizi. Mpeleke mzee mmoja wa ukoo azungumze naye kwanza. Undugu ukivunjika, huyo dada yako ataishi wapi?

Sakina_Kuku: Ndiyo maana nasita, bibi. Na pesa yake nimeshaila. Nilikuja kuuliza asilimia tu.

Fundi_Fraya: Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Fraya ya lita 6 inabeba kilo 1 kwa mkupuo, yaani vipande 8, kuku mmoja. Dakika 14 za kukaanga, 4 za mafuta kurudisha joto. Ni mikupuo 3 kwa saa, 36 kwa saa 12. Fraya mbili, kuku 72. Hao 200 wanakaangwa wapi? Na chipsi je?

Sakina_Kuku: Si chai mkuu. Maduka ni matatu, kila duka fraya mbili, 200 ni jumla. Chipsi tuna karai la gesi.

Fundi_Fraya: Basi naondoa neno langu, samahani. Lakini kuku 67 kwenye uwezo wa 72 ni hatari, kwa sababu wateja hawaji kwa kugawana saa. Jioni foleni ikijaa kijana anajaza kikapu, mafuta yanashuka hadi nyuzi 140, ganda linanyonya mafuta na mfupani panabaki damu. Ukihamisha mapishi unahamisha na hilo. Tumbukiza kipimajoto foleni ikiwa ndefu, uhesabu dakika mpaka mafuta yarudi 170. Zikizidi 4, umejaza au umeme hautoshi. Halafu kichomeke hicho kipimajoto kwenye kipande kikubwa karibu na mfupa: chini ya nyuzi 74 usimpe mteja.

Sakina_Kuku: Nimerudi. Jana saa moja jioni nimepima: dakika 9. Kikapu kilikuwa na vipande 13, na paja moja lilisoma 66 karibu na mfupa. Vifaa vya duka jipya nagawa kwenye haya matatu, Nairobi nimeisogeza mbele. Baba mdogo amezungumza na shemeji, nikamtumia hati. Ameisoma, hajajibu.

Dada_Nembo: Alama ilitangazwa tarehe ngapi?

Sakina_Kuku: Sijui dada.

Dada_Nembo: Kesho saa mbili asubuhi wakala wa alama awe KIPI kuangalia. Siku zinahesabiwa tangu tarehe hiyo, hazisubiri shemeji ajibu.