Ndege ya rimoti ya sarakasi imenishinda, naomba ushauri

Wakuu, salaam. Nilijibana miezi minne nikaagiza ndege ya rimoti ya sarakasi, ile inayokuja imeshaungwa, mabawa mita 1, betri ya seli 3. Niliambiwa nikifungua boksi narusha tu. Wapi! Jumapili alfajiri, kabla upepo wa bahari haujachangamka, niliipeleka kiwanja kimoja Kigamboni. Ikipaa inanyanyua pua yenyewe, nikipunguza moto inayumba kama daladala iliyokatika springi. Kubiringika ndiyo usiseme, nusura iue mbuzi wa watu.

Nyumbani nikapima mizani yake: nikainyanyua kwa vidole viwili chini ya mabawa, robo ya upana kutoka ukingo wa mbele. Inalalia mkia. Betri nimeisogeza hadi imegota mbele, bado. Halafu sevo ya bawa la kushoto, yaani kile kimota kinachosogeza kibao cha bawa, hairudi katikati sawasawa. Fundi wangu wa simu Kariakoo anasema nibadilishe mota, mimi sioni kosa la mota hapo.

Nibandike chubwi za wavuvi puani, au nitafute betri nzito zaidi? Naogopa isije ikawa jiwe. Na sevo ya gramu 9 yenye gia za chuma naipata wapi hapa Dar? Muuzaji hapokei simu tena.