Chaneli ya michezo ya kanda: kwa nini tunalipishwa hata tusioitazama?

Wadau, nina hasira na sitaificha. Kampuni ya setilaiti ninayolipia hapa Kisumu imeongeza chaneli ya michezo ya kanda, yaani inayoonyesha mechi za huku kwetu, kwenye kifurushi cha chini, ikapandisha bei ya kifurushi kizima papo hapo. Hakuna aliyeulizwa. Mama yangu kule Ahero anatazama taarifa ya habari na ibada ya Jumapili, basi. Naye kaongezewa vilevile, na anayemlipia ni mimi.

Nilipiga simu, nikaambiwa gharama ya chaneli imepanda. Gharama ipi? Kurusha chaneli kwenye setilaiti hakuongezeki bei kwa kuwa watazamaji wameongezeka. Wawe kumi au milioni, mawimbi ni yale yale. Kinachohesabiwa kwa vichwa ni ada anayoidai mwenye chaneli: kiasi fulani kwa kila dekoda iliyolipiwa, iwe inafunguliwa kwenye mpira au haifunguliwi. Ndiyo maana mwenye chaneli hung'ang'ania iwekwe kifurushi cha chini, kwenye watu wengi. Kampuni inakubali, kisha inatubebesha sisi.

Mtu asiniambie nachukia mpira. Nimeupenda tangu utotoni, na najua vilabu vinahitaji hela za televisheni. SuperSport, iliyokuwa ikirusha mechi za ligi yetu ya Kenya, ilipojitoa mwaka 2017 baada ya ule mvutano wa kama ligi iwe na timu 16 au 18, vilabu viliumia. Ligi ilipwe, tena ilipwe vizuri. Ila ilipwe na sisi tunaoitazama.

Na hata sisi tumechezewa! Siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards nimekaa sebuleni na majirani, dekoda imelipiwa, ujumbe wa M-Pesa uko kwenye simu. Nafungua chaneli, kioo cheusi na maandishi: hii haimo kwenye kifurushi chako. Kumbe mechi kubwa wamezihamishia chaneli ya pili, kifurushi cha juu. Majirani wakainuka mmoja mmoja wakaelekea Kondele, kwenye kibanda cha mechi, wakalipe kiingilio. Mimi nilishalipa tayari! Nilikuwa nimelipia nini?

Marekani, ambako chaneli za namna hii zilikuwa biashara kubwa, kampuni ya setilaiti ya Dish Network iliachana na nyingi mwaka 2019 walipokosa kuelewana bei. Kwa hiyo kampuni ikitaka kukataa, inaweza.

Ninachotaka ni hiki. Chaneli iuzwe peke yake, kwa mwezi au hata kwa siku kama bando la intaneti. Wakishindwa, waandike kwenye risiti shilingi ngapi kati ya zangu zinaenda kwa mwenye chaneli. Mama arudishiwe kifurushi chake cha zamani, kwa bei yake ya zamani.

Walio Nakuru, Kakamega na Kisii, nanyi mmepandishiwa? Wekeni hapa bei mliyokuwa mkilipa na mnayolipa sasa, tupeleke malalamiko tukiwa wengi.