Mjadala: Fundi wa kweli ni wa langalanga, wa pikipiki au wa rali? Mimi nasema hatari isitudanganye

Ndugu zangu, naleta mbele yenu ubishi uliotushinda juzi pale Majengo, kwenye parkingi yetu ya pikipiki. Motari mmoja kijana, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, alikuwa anatuonyesha kwenye simu video ya mbio za kisiwa cha Man, zile za Tourist Trophy ambazo wenyewe huziita TT. Kamera ilikuwa imefungwa mbele ya pikipiki. Kuta za mawe, milango ya watu, nguzo za umeme, vyote vilipita karibu na bega la mwendeshaji hata ukajikuta unarudisha mkono wako nyuma. Video ilipoisha kijana akasema: "Hawa ndio wanaume. Wale wa langalanga, wa Formula 1, wamelazwa kwenye kitanda cha mtoto, siku hizi hata kufa hawafi." Karibu wote wakamuunga mkono. Nikakataa, na mvua ikatukimbiza kabla sijamaliza. Naomba nimalizie hapa, na mwenye la kunipinga anipinge.

Nilikuwa motari miaka sita hapa Goma, sasa natengeneza pikipiki. Sijashindana popote. Lakini mbio hizi nazifuata tangu utoto, na swali hili linaniuma kwa sababu nalisikia kila siku likitumika kumsifu mtu anayebeba abiria watatu bila kaske kichwani. Eti huyo ndiye fundi, maana haogopi.

Kwa hatari, kisiwa kile hakina mpinzani. Njia yake ina kilomita 60 na ushee, na ni barabara za kawaida ambazo siku nyingine watu hupita kwenda kazini. Kona zimezidi 200. Mwaka 2023 Peter Hickman aliizunguka kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa, na huo ni wastani: vijiji, mlima na kona zote zimo ndani. Tangu 1911, mashindano ya njia hiyo yameua watu zaidi ya 260. Mwaka 2022 washindani watano walikufa kabla mashindano hayajaisha, wawili kati yao baba na mwanawe waliokuwa pamoja kwenye pikipiki moja yenye kigari cha pembeni, na wa sita akafa kwa majeraha miezi michache baadaye. Hapo kijana ameshinda, simbishii.

Ila tazameni nani aliyeondoka pale. Giacomo Agostini, Mtaliano mwenye mataji 15 ya dunia, alikuwa ameshinda kisiwani mara 10. Mwaka 1972 rafiki yake Gilberto Parlotti akafa kwenye njia ile barabara ikiwa imelowa. Agostini akasema basi, harudi. Wakubwa wengine wakagoma pia, na baada ya 1976 kisiwa kikatolewa kwenye ubingwa wa dunia. Mwaka 1975 Agostini alichukua tena taji la dunia la daraja kubwa bila kukanyaga kule. Sasa niambieni, mikono yake ilipungua nini siku ile aliyokataa? Alichokikataa ni ukuta wa mawe. Kupinda kona hakusahau.

Na hicho kitanda cha mtoto tukiangalie. Dereva wa Formula 1 Ayrton Senna alikufa Imola tarehe 1 Mei 1994, siku moja baada ya Roland Ratzenberger kufa pale pale. Kuanzia hapo magari, kuta na njia za mbio vilifanyiwa kazi kwelikweli, na tangu siku ile dereva wa Formula 1 aliyekufa kwa ajali ya wikiendi ya mbio ni Jules Bianchi peke yake, aliyeumia Japani mwaka 2014 akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 2018 magari yote yaliwekewa upinde wa chuma juu ya kichwa cha dereva, na watu wengi wakanung'unika kwamba unaharibu sura ya gari. Mwaka 2020 kule Bahrain, Romain Grosjean akagonga reli ya chuma kwa mwendo wa kilomita 192 kwa saa. Gari likakatika vipande viwili, moto ukalipuka. Sekunde kama 28 baadaye mtu akatokea ndani ya moto, anatembea, mikono imeungua. Ule upinde uliochekwa ndio uliosukuma reli mbali na kichwa chake.

Kuokoka kwake hakumfanyi kuwa mtoto. Dereva wa langalanga anakanyaga freni kwa nguvu inayozidi kilo 100, si mara moja, ni kila kona kubwa, mzunguko baada ya mzunguko. Gari likipinda kwa kasi, kichwa na kaske vyenye kilo sita hivi vinavutwa kama vina kilo 30, na shingo ndiyo inayobeba. Mwaka 2023 kule Qatar joto lilikuwa kali hata Esteban Ocon akatapika ndani ya kaske na kuendelea na mbio, na Logan Sargeant akashindwa akaegesha gari. Hakuna aliyekufa siku ile. Je, ilikuwa rahisi?

Basi tukitaka kumjua fundi, tusihesabu makaburi. Mimi nina kipimo kimoja: mtoe mtu nyumbani kwake, umpeleke kwa jirani, uone anaweza nini. John Surtees alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki, akahamia kwenye magari, na mwaka 1964 akawa bingwa wa Formula 1. Mpaka leo yuko peke yake duniani mwenye vyote viwili. Kimi Räikkönen, bingwa wa Formula 1 wa mwaka 2007, alikwenda kwenye rali ya dunia 2010 na 2011, na nafasi yake bora ilikuwa ya tano. Sébastien Loeb, bingwa wa rali mara tisa mfululizo, alikwenda Le Mans kwenye mbio za saa 24 mwaka 2006, akamaliza wa pili na wenzake. Mtu wa changarawe alikwenda kwenye lami akaheshimiwa. Mtu wa lami alikwenda kwenye changarawe akahangaika, na ni bingwa kweli, simdharau.

Kwa nini? Wa langalanga anarudi kona ile ile mara 50, mara 60. Monako ni mizunguko 78. Akikosea mzunguko wa tatu, wa nne anarekebisha. Wa rali amepita njia mara mbili tu siku za ukaguzi, kwa mwendo mdogo, akiandika na mwelekezi wake. Siku ya mbio anaingia kona asiyoiona, kwa maneno tu ya mtu aliyekaa kando yake na daftari mapajani. Mwelekezi akichelewa nusu sekunde, gari limeshaingia porini. Na barabara aliyoiandika jana si ya leo: mvua imeshuka, magari ya mbele yamechimba mifereji, jiwe limetoka katikati.

Safari Rally ya majirani zetu Kenya inaonyesha hilo vizuri. Ilianza mwaka 1953, na zamani ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi, pamoja na malori, ng'ombe na watu wanaotoka sokoni. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara tano: 1973, halafu minne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 inapigwa hasa Naivasha, kwenye vumbi laini kama unga linaloficha mawe. Pale aliyezoea kukanyaga tu gari linamfia mikononi. Kinachotakiwa ni kujua wapi pa kuacha.

Sisi wa Goma tungetakiwa kulielewa hili kuliko wote, maana tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo. Ukishuka na pikipiki kwenye kokoto za volkano, ukibana freni ya mbele kwa nguvu kidogo zaidi ya inavyotakiwa, gurudumu linafunga, usukani unalala, na uko chini kabla hujapiga kelele. Fundi anarudi gia ya pili mapema, anaacha injini ivute, mguu wa kulia mwepesi juu ya freni ya nyuma, vidole viwili tu kwenye freni ya mbele, na macho yako mbali. Abiria hasikii kitu. Anashuka, analipa, anaenda, wala hajui kwamba amebebwa na fundi. Anayesifiwa ni yule aliyemtia jasho la hofu.

Kwangu mimi: kwa hatari, pikipiki za kisiwa cha Man. Kwa ufundi, rali, na mwelekezi ahesabiwe pamoja na dereva. Semeni.

Motari wa Birere:
Mkubwa, umesema vizuri ila umeruka mto. Kipimo chako cha kumpeleka mtu kwa jirani, mbona Loeb hukumpeleka kwenye pikipiki? Aliyetoka kwenye pikipiki akawa bingwa wa magari yupo, ni huyo Surtees wako mwenyewe. Aliyetoka kwenye gari akawa bingwa wa dunia wa pikipiki nitajie mmoja. Kipimo chako kinasema pikipiki.

Gari lina magurudumu manne, ukiliacha linasimama lenyewe. Pikipiki ukiiacha inalala. Kwenye MotoGP, mbio kubwa za dunia za pikipiki, mtu anaipinda zaidi ya nyuzi 60, kiwiko kinasugua lami, na kinachomshikilia duniani ni kipande cha tairi kidogo kuliko kiganja. Brad Binder wa Afrika Kusini alifika kilomita 366 kwa saa pale Mugello mwaka 2023, juu ya mashine yenye kilo 160 hivi. Mwili wake wenyewe ni sehemu ya mashine. Akiegemea vibaya hakuna usukani wa kumsaidia.

Na moyo usiutoe kwenye ufundi. Weka watu wawili wenye mikono sawa, mmoja anaogopa na mwingine haogopi. Asiyeogopa atachelewa kukamata freni, na atashinda. Hiyo freni ya mbele unayoisifu mimi niliitoa, huu mwaka wa pili sijaanguka.

Mama muuguzi, Himbi:
Wanangu, mnahesabu waendeshaji tu. Mimi nahesabu wale ambao hawakuchagua. Le Mans mwaka 1955 gari moja liliruka likaingia kwa watazamaji, wakafa zaidi ya 80. Ureno mwaka 1986 gari la rali liliingia kwenye umati uliosimama barabarani, na mwaka huo huo, baada ya Henri Toivonen na mwelekezi wake kufa Corsica, magari yale yenye nguvu kupita kiasi yakapigwa marufuku. Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1977, kijana wa miaka 19 mwenye kizima moto mkononi alivuka njia kwenda kusaidia gari lililowaka, akagongwa na Tom Pryce, wakafa wote wawili. Yule kijana hakuwa anashindania kitu.

Nikiwa zamu ya usiku, mara nyingi anayeletwa kwanza ni abiria. Motari mwenyewe anakuja nyuma anachechemea, ananiambia pikipiki ilikataa. Kwa hiyo ukinipa rali ambayo watu wanasimama hatua mbili kutoka kwenye magari, siwezi kuiweka juu ya mbio ambazo watazamaji wako nyuma ya uzio. Hilo mwenye mada hukuligusa.

Mwenye mada:
Mama, nakubali, sikuligusa na nilipaswa. Rali ina deni hilo, na mara nyingi halilipwi na dereva, linalipwa na mtu aliyesimama mahali pabaya.

Mdogo wangu wa Birere, la Surtees umenikamata vizuri. Kuanzia leo nasema wa pikipiki za njia ya duara na wa rali wanakaa benchi moja, na wa langalanga nyuma yao kidogo. Zaidi ya hapo sishuki.

Lakini la moyo nalikataa. Marc Márquez wa MotoGP alivunjika mkono Jerez mwezi wa 7 mwaka 2020, akafanyiwa upasuaji, na siku chache tu baadaye akapanda tena pikipiki kujaribu. Moyo alikuwa nao kuliko wote. Chuma kilichowekwa mkononi kikavunjika, msimu ukaisha, ukafuata upasuaji juu ya upasuaji, na taji lililofuata amelipata 2025. Kilichomrudisha ni miaka ya kujifunza upya kuendesha na mkono usio kama wa zamani.

Na hao wanaochelewa kukamata freni kule MotoGP, wanachelewa kwa sababu wanaijua freni ya mbele kuliko wanavyojua majina yao. Ndiyo inayosimamisha pikipiki, ya nyuma inasaidia tu. Wanaibana polepole kwanza, uzito unakwenda mbele, tairi linashika, ndipo wanaibana kwa nguvu. Wewe umeitoa kwa kuwa iliwahi kukuangusha kwenye kokoto, nadhani sikosei. Miaka miwili hujaanguka, lakini mtoto akikurukia barabarani pale kwenye lami una nini mkononi?

Kebo ninayo na mkono wa freni ninao. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, nitakufungia bure. Tutaanza kwenye lami, mwendo wa mtu anayetembea, vidole viwili tu, halafu tutakwenda kwenye mawe.